MAPOROMOKO YA KARURU WAKATI WA KIANGAZI
Na Mwandishi Wetu

Mkulima wa Njabini, wa Tulaga au wa Mkungi anapotoka nje alfajiri kwenda kukamua, jambo la kwanza analoliona ni mlima wa Nyandarua umekaa upande wa macheo kama ukuta. Huutazama kila siku. Wingu likiukaa kichwani, anajua atavaa koti. Ukiwa wazi usiku wa Januari, anajua baridi kali itashuka na kuchoma majani ya viazi. Lakini muulize kama amewahi kuvuka ng'ambo ya ukuta huo, na wengi watakujibu kwamba wamefika kwenye ua wa stima tu, tena kwa kutafuta ndama aliyepotea.

Ng'ambo hiyo, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nyandarua, ambayo wageni huiita Aberdare, mto wa Karuru hufika ukingoni na kuanguka mita 273. Hauanguki mara moja. Huanguka kwa ngazi tatu: ya kwanza mita 117, ya pili mita 26 na ya tatu mita 130. Mwenye kutaka kukisia urefu huo na alifikirie lile jengo la mviringo la Kenyatta mjini Nairobi, lenye urefu wa kama mita 105. Aweke jingine kama hilo juu yake, na juu ya hilo la pili aweke nusu ya la tatu, na bado maji yataanguka kutoka juu zaidi. Ni miongoni mwa maporomoko marefu kabisa katika Kenya, na yako umbali wa kutwa moja kutoka mashamba ya Kinangop.

Mwezi wa Februari nilikwenda kuyapiga picha.

Rafiki zangu waliniuliza kwa nini nisingoje Mei. Ni kweli kwamba picha za maporomoko zinazotundikwa katika hoteli hupigwa wakati wa mvua, maji yakiwa yamefura na povu jeupe limejaa kila mahali. Picha hizo zapendeza, lakini hazimwambii mkulima neno. Maji kuwa mengi wakati wa masika si ajabu, maana hata mtaro wa barabara hujaa. Jambo la kujua ni kiasi gani cha maji kinachopita Februari, wakati mvua za vuli zimekwisha zamani, mvua ndefu hazijaanza, na majani ya malisho yamekuwa rangi ya mkeka. Picha ya mwezi huo ni kama kumtazama ng'ombe wakati wa njaa, siyo siku ya maonyesho.

PEKE YANGU, LAKINI SI PEKE YANGU

Nilichagua kwenda bila mwenzangu. Mpiga picha wa maji hungoja wingu lipite, kisha hungoja jua, kisha hungoja upepo utulie, na baada ya saa moja rafiki yake huanza kuuliza habari za chakula. Lakini mtu asidhani kwamba inafaa kuingia katika msitu huo pekee kabisa. Humo mna ndovu na nyati, na nyati hukaa kimya kichakani mpaka umemfikia. Anayetaka kutembea kwa miguu ndani ya mbuga hupewa askari wa Shirika la Huduma za Wanyamapori mwenye bunduki, na ada yake hulipwa pamoja na kiingilio. Kwa hiyo safari yangu ilikuwa ya mtu mmoja na afande mmoja. Yeye alikuwa hodari wa kungoja kuliko mimi, maana kungoja ndiyo kazi yake.

Siku moja kabla ya kupanda nililala kwa wenyeji karibu na ua. Jioni nilizungumza na mama mmoja ambaye shamba lake limepakana na msitu. Marehemu mume wake alipata ekari hizo mwaka 1964, wakati Serikali ilipokuwa ikigawa yaliyokuwa mashamba makubwa ya wazungu chini ya ule mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962. Mama huyo amepanda viazi, kabeji na minji hapo tangu alipokuja kama bibi arusi. Nilipomwambia ninakokwenda hakucheka, kama wengi walivyocheka. Alifikiri kidogo, kisha akasema:

"Basi mwanangu, ukifika huko nitazamie jambo moja. Kijito changu zamani hakikukauka. Siku hizi mwezi wa pili nakwenda na mtungi kwa jirani. Watu wengine husema mlima umekauka. Tazama kwa macho yako. Maji yamekwisha kule juu, au yanapotelea huku kwetu?"

Nilimweleza kwamba Karuru huteremka upande wa mashariki, na maji yake hayaji kwake. Mlima huu hugawa maji kama mama anayegawa chakula kwa sahani tofauti. Mvua inayonyesha upande wa mashariki huteremka kwa mito kama Gura, Chania na Thika mpaka Mto Tana. Ile ya magharibi huingia Turasha na Malewa, kisha Ziwa Naivasha. Ile ya kaskazini hufuata Pesi na Ewaso Narok mpaka Ewaso Nyiro na nchi kavu ya Samburu. Lakini swali lake lilikuwa la haki. Mlima ni mmoja, na kama msitu wa juu umeshindwa kuhifadhi maji, ungeshindwa pande zote.

KUPANDA

Kabla ya mapambazuko pikipiki ilinifikisha lango la Mutubio. Baridi ilikuwa kali, na majani kando ya barabara yalikuwa meupe kwa barafu nyembamba. Saa kumi na mbili na nusu, mimi na afande tulianza mwendo.

Kwanza nitasema habari za ua, kwa sababu kila mkulima wa ukingoni anao la kusema juu yake. Ulianza kujengwa mwaka 1989, kazi iliyoongozwa na shirika la Rhino Ark pamoja na Serikali, ukamalizika mwaka 2009. Urefu wake ni kama kilomita 400, nao umeuzunguka mlima pamoja na msitu wake. Kabla yake, ndovu waliteremka usiku, na shamba la viazi ambalo mtu amelipalilia miezi mitatu likakanyagwa kwa saa moja. Wapo wanaolalamika kwamba ua umewafungia malisho ya kiangazi, nao wasipuuzwe, maana ng'ombe hali habari za mazingira. Lakini sijakutana na mtu wa ukingoni aliyetaka ndovu warudi.

Ua huo una kazi ya pili, isiyosemwa sana. Mwaka 2002 wachunguzi waliupitia msitu huu kwa ndege, na ripoti yao ya mwaka 2003 ilionyesha ukataji wa miti ya asili, tanuri za makaa na mashamba ya bangi mahali pengi ambapo mtu aliyesimama chini angeona kijani kitupu. Ua una malango, na lorry ya makaa haina budi kupita langoni.

Barabara hupita katika mianzi. Mianzi hukaa karibu karibu, na ndani yake mna giza hata jua likiwa limetoka. Hapo afande aliniambia nisizungumze, akatangulia hatua kumi, na kila baada ya mwendo kidogo alisimama kusikiliza. Tuliona kinyesi cha ndovu cha usiku uleule, kikitoa mvuke. Mahali mianzi inapokoma, huanza miti mikubwa ya hagenia, yenye magome mekundu yanayobanduka na matawi yaliyopinda. Kila tawi lina ndevu ndefu za kijivu, nazo zilikuwa zikidondosha maji. Nilitazama juu: mbingu ilikuwa wazi kabisa, hapakuwa na mvua. Maji hayo yalikuwa ya ukungu wa usiku. Ukungu hupita kati ya matawi, ndevu hizo huunasa, na tone baada ya tone hushuka mpaka chini. Mti uliosimama hapo huvuna maji usiku ambao kipimo cha mvua cha shuleni huandika sifuri. Ukiukata, ukungu hupita juu ya kisiki na kwenda zake.

Baadaye miti hupungua, na mtu hutokea katika nchi ya wazi, iliyo juu ya mita 3,000. Ni majani marefu yaliyokaa mafungumafungu, na vichaka vya erika, na hapa na pale lobelia imesimama kama mshumaa. Mtu wa Kinangop akiiona nchi hii kwa mara ya kwanza, mawazo yake huenda kwenye kondoo. Mimi pia niliwaza hivyo. Lakini ukiacha barabara na kukanyaga majani hayo, mguu huzama mpaka kwenye kifundo, na ukiutoa, maji hujaa katika alama yake. Hapa ndipo ghala lilipo. Chini ya majani mna udongo mweusi wa mboji iliyojilundika miaka mingi kwa sababu ya baridi, nao hunyonya maji ya mvua kama sifongo na kuyaachilia polepole. Ng'ombe mia wakiukanyaga udongo huo mwaka mmoja ungekuwa tope, na mwaka wa pili ungekuwa mfereji.

Kichwa kiliniuma kidogo kwa sababu ya urefu wa mahali. Tulikaa juu ya jiwe, tukanywa chai na kula viazi baridi. Afande, ambaye ni mzaliwa wa Nyeri, alinionyesha upande ambao Treetops iko, mbali chini katika msitu wa mashariki. Hoteli hiyo, iliyojengwa mara ya kwanza mwaka 1932, ilijulikana dunia nzima kwa sababu Binti Elizabeth alilala hapo Februari 1952, usiku ambao baba yake, Mfalme wa Uingereza, alifariki. Mwaka huohuo vita vilianza, na msitu huuhuu ukawa maskani ya wapiganaji wa Mau Mau. Wazee wachache waliobaki wanavijua vijito hivi kimoja kimoja, maana mtu aliyefukuzwa hakumbuki mlima kwa uzuri wake bali kwa mahali palipokuwa na maji ya kunywa.

KUKADIRIA MAJI KWA JANI

Njiani tulivuka vijito kadhaa vinavyopita chini ya barabara. Vyote vilikuwa na maji. Hapa nataka kumwonyesha msomaji njia ya kukadiria maji ya kijito chake, ambayo haihitaji chombo chochote ila kamba ya kupimia na saa.

Tafuta mahali ambapo kijito kimenyooka na hakina mawe makubwa. Pima mita 10 ukingoni, utie vijiti viwili. Pima upana wa maji. Pima kina mahali patatu au panne, kisha utafute kina cha wastani. Tupa jani au kipande cha kijiti juu ya kijiti cha kwanza, na uhesabu sekunde mpaka kifike cha pili. Fanya hivyo mara tatu. Tuseme upana ni mita 1.5 na kina ni mita 0.2. Hiyo ni mita za mraba 0.3. Tuseme jani lilichukua sekunde 25 kwenda mita 10. Huo ni mwendo wa mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha, utapata mita za ujazo 0.12 kwa sekunde. Kwa kuwa maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu, zidisha tena kwa 0.8. Jibu ni kama lita 96 kila sekunde. Hizo ni zaidi ya lita 345,000 kwa saa moja. Ukihesabu ng'ombe wa maziwa kuwa anakunywa lita 70 kwa siku, maji ya saa moja ya kijito hicho, ambacho mtoto anaweza kukiruka, yangenywesha ng'ombe zaidi ya 4,900.

Afande alishangaa. Amevuka vijito hivyo kwa miaka, na hakuwahi kuvihesabu kwa ng'ombe.

UKINGONI

Maporomoko husikika kabla ya kuonekana. Njia ya miguu huacha barabara, hupita kati ya erika na hagenia, na nchi iliyokuwa tambarare hukoma ghafula. Hapo pamejengwa jukwaa la mbao lenye kizuizi, na mtu akishika kizuizi hicho hutazama bonde lenye kina kirefu, lililojaa miti mpaka chini. Nasema wazi kwamba magoti yangu hayakupenda. Anayekwenda na watoto awashike mikono, na asiruhusu mtu kuruka kizuizi kwa ajili ya picha. Mawe ya ukingoni yana ukungu wa maji na kuvu, nayo huteleza kama sabuni.

Karuru ulikuwa hai. Ulifika ukingoni bila haraka, ukajikunja juu ya jiwe jeusi, kisha ukaanguka. Upande wa pili wa bonde niliona maporomoko mengine, ya Mto Gura, marefu kushinda haya, yamening'inia kama uzi mweupe ukutani. Hayo ya Gura si rahisi kuyafikia kwa miguu, na mtu hutosheka kuyatazama kwa mbali. Katika mto huo ndimo mzungu Grogan alimotia samaki wa trauti mwaka 1905, mayai yakiwa yametoka Scotland. Na trauti hawaishi ila katika maji baridi na safi.

Nilisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu na kuanza kazi. Maji yanayoanguka yana picha mbili. Kamera ikifumba na kufumbua jicho upesi, kwa muda wa sehemu moja ya 500 ya sekunde, kila tone husimama hewani na mtu huona nguvu. Ikiacha jicho wazi nusu sekunde, maji huwa kama kitambaa cha hariri. Wageni hupenda hariri. Mimi nilitaka ile ya kwanza, kwa sababu hariri huficha kipimo. Maji machache yaliyopigwa picha polepole huonekana mengi.

Kisha nilitazama jiwe. Pande mbili za maji palikuwa na utepe mpana mweusi wenye kuvu ya kijani, umekwisha mahali jiwe lilipogeuka rangi ya kijivu. Utepe huo ndio alama ya mto wakati wa mvua. Maji ya Februari, kwa makisio ya macho yangu, yalijaza kama robo ya upana huo. Robo ni haba, lakini hazikuwa zimepita siku chache bila mvua. Zilikuwa zimepita wiki nyingi. Na jambo la pili lilinipendeza kuliko kipimo: maji yalikuwa meupe kabisa. Hapakuwa na rangi ya udongo hata kidogo. Mto uliotoka kwenye majani yale ya mafungumafungu haukuwa umebeba chochote cha mtu.

Ukungu ulipanda kutoka bondeni saa sita kasorobo, na kwa muda wa nusu saa sikuona hata mkono wangu vizuri. Afande alijifunika koti na kusinzia. Ulipoondoka, jua lilikuwa limeingia bondeni, na nikapata ngazi ya kwanza yote, kutoka juu mpaka inapopiga jiwe. Za chini zilibaki zimefichwa na miti na mvuke. Nilipiga picha ishirini na tatu. Nzuri ni mbili.

JIBU LA SWALI

Tulirudi langoni jioni, sehemu ya njia tukibebwa na gari la kazi la mbuga. Kesho yake asubuhi nilifuata kijito cha yule mama, kuanzia mahali kinapotoka chini ya ua mpaka mwisho wa shamba lake. Sikutaka kumjibu kwa habari ya Karuru peke yake.

Penye ua maji yalikuwa ya kufika kifundoni, baridi, na meupe kama yale ya juu. Nilitupa jani langu, likaenda vizuri. Hatua kama mia mbili chini, kulikuwa na mikaratusi imepandwa mistari minne mpaka ukingoni kabisa, mizizi yake imeingia majini. Chini yake kulikuwa na mpira wa kwanza uliozamishwa katika kidimbwi, kisha pampu ya petroli ikinyunyizia kabeji, kisha mpira wa pili, na wa tatu. Mahali pengine mistari ya viazi ilikuwa imelimwa kutoka juu kwenda chini mpaka kwenye maji, bila ukanda wa majani. Nilipofika kwenye mpaka wa mama, kijito kilikuwa tope lenye alama za kwato.

Nilihesabu mambo hayo pamoja naye, tumesimama hapo hapo. Hakushangaa sana. Alisema mikaratusi ni ya shemeji yake, na mpira mmoja ni wa mwanawe.

Mkaratusi ni mti mzuri wa nguzo na kuni, na umewajengea wengi nyumba. Lakini hunywa maji mengi, na mahali pake ni juu ya kilima, mbali na chemchemi. Serikali imelisema jambo hili mara nyingi. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi ing'olewe kando ya mito na chemchemi. Wengi waliitikia kwa mdomo. Kisha, kanuni za maji hutaka ukanda usiolimwa kila upande wa mto, usiopungua mita 6, na kwa mito mipana zaidi hufika mita 30. Kuvuta maji kwa pampu kwa kunyunyizia huhitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Mkulima mmoja mmoja huona kibali kuwa usumbufu. Kwa sababu hiyo vipo vyama vya watumiaji wa maji, ambavyo wenye mashamba ya juu na ya chini ya kijito kimoja hukutana na kupangiana siku za kuvuta. Panapo chama chenye nguvu, Februari huwa na maneno machache. Pasipo na chama, mpira mrefu ndio sheria.

Najua kwamba mambo haya husemwa barazani mpaka watu husinzia. Lakini yule mama hakuuliza baraza, aliuliza mlima. Na mlima, kwa kadiri nilivyouona siku mbili hizo, ulikuwa ukitoa maji yake.

Nilimwachia pia shauri moja, nami nalitoa kwa kila msomaji mwenye simu ya kupiga picha. Chagua jiwe moja au daraja moja katika kijito chako. Simama mahali pale pale kila mwaka, juma la pili la Februari, upige picha moja kuelekea upande wa juu, na uandike tarehe na sekunde za jani. Baada ya miaka mitano utakuwa na ushahidi ambao hata afisa wa maji hawezi kuubishia, na shemeji pia. Shule zilizo karibu na mito zingeweza kufanya kazi hiyo vizuri kuliko mtu mmoja.

KWA WANAOTAKA KWENDA

Miezi mizuri ni Januari na Februari, na tena Agosti na Septemba. Mvua ndefu zinapoanza, barabara ya Mutubio huwa utelezi na mara nyingine haipitiki. Uliza langoni au ofisi ya mbuga kabla ya kuondoka. Mwananchi aende na kitambulisho, kwa sababu kiingilio chake ni kidogo kuliko cha mgeni. Malipo hufanywa kwa simu kupitia eCitizen, siyo kwa fedha mkononi, na ada hubadilika, kwa hiyo itazame hapo kwanza. Anayetaka kutembea kwa miguu aagize askari mapema, siku moja au mbili mbele. Kikundi cha wakulima au chama cha akina mama kikikodi gari moja, gharama hugawanyika, na gari hufika karibu na njia ya miguu inayoelekea jukwaani, hivyo hata wazee wanaweza kuona.

Chukua sweta mbili, koti la mvua, gambuti au viatu vigumu, chai ya moto, na chakula cha kutosha. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha amwulize daktari kwanza, kwa sababu ya urefu wa mahali. Usiache takataka, na usiwashe moto hata mdogo: majani yale ya juu yakiwa makavu huwaka upesi, na moto huingia ndani ya mboji ukawaka chini kwa chini kwa siku nyingi. Kamera ifunikwe kwa mfuko wa nailoni karibu na jukwaa, na uwe na kitambaa kikavu cha kufutia kioo. Ondoka langoni mapema. Ukungu wa bondeni huanza kupanda karibu na saa sita mchana, na atakayefika baada ya hapo atasikia Karuru bila kuuona.